Namna ya Kulichora Jeshi la Napoleon, Kuanzia Kombania Hadi Kori

Anza na kombania. Achana kwanza na Napoleon, achana na majina ya majenerali, achana na ile mishale mikubwa myekundu na ya bluu kwenye ramani. Nimefundisha kwata jeshini sehemu kubwa ya maisha yangu, na tangu nistaafu vijana wanaosoma historia huniletea ramani za vita vya Ulaya vya 1805 hadi 1815 wakisema hawazielewi. Wanazijua tarehe, wanamjua nani alishinda. Ukiwauliza batalioni moja ikijipanga inachukua mita ngapi za ardhi, wananyamaza. Na bila mita hizo, ramani ya vita ni picha tu.

Kwa hiyo tafuta karatasi ya grafu, penseli na rula. Kipimo chetu: sentimita moja ni mita 100. Utaanza na mtu mmoja na kupanda hadi jeshi zima, kisha tutaliweka jeshi hilo kwenye uwanja mmoja wa kweli: Auerstedt, huko Ujerumani, tarehe 14 Oktoba 1806.

Kombania ya Wafaransa, kwa amri ya Februari 1808, ilikuwa na watu 140: kapteni, luteni, luteni usu, sajinimeja, masajini 4, koplo mmoja wa posho na malazi, makoplo 8, wapiga ngoma 2 na askari 121. Yeyote aliyewahi kuvaa gwanda ataona mara moja jinsi mpango huu ulivyo na akili. Kila koplo anawajua watu wake kwa sura, na kapteni anaweza kuisikia kombania yake yote ikipumua. Kombania sita zilifanya batalioni. Nne zilikuwa za askari wa kawaida, wafusilia. Moja ilikuwa ya magrenadia, watu warefu na wazoefu, na walisimama kulia. Moja ilikuwa ya mavoltija, wafupi na wepesi, na walisimama kushoto. Jumla 840 kwenye karatasi. Vitani, baada ya wiki za kutembea, kuhara na kulala matopeni, batalioni nyingi zilikuwa na 500 au 600. Ukikuta maandishi yanataja batalioni kumi, usizidishe kwa 840.

Kabla ya amri hiyo batalioni ilikuwa na kombania 9 zilizokuwa ndogo zaidi, na ndivyo ilivyokuwa Auerstedt. Kwa mchoro wetu tofauti si kubwa, kwa sababu ni watu karibu wale wale, wamegawanywa vipande vingi zaidi. Tumia mpango wa 1808 kujifunzia, maana hesabu yake ni nyepesi.

Sasa wasimamishe. Wafaransa walijipanga mistari mitatu, mmoja nyuma ya mwingine, viwiko vikigusana. Mpe kila mtu sentimita 55. Kombania yenye askari 120 kwenye mistari inakuwa na watu 40 upande wa mbele, yaani mita 22. Kombania sita zikipangwa sambamba zinakupa mita 132. Chora kistari cha sentimita moja na milimita tatu. Hiyo ndiyo batalioni kamili katika mpango wa mstari, na ndiyo inayoweza kutumia bunduki nyingi zaidi kwa wakati mmoja.

Chini yake chora batalioni ile ile katika safu ya kushambulia: kombania mbili mbele, mbili nyuma yake, mbili nyuma zaidi. Upana umeshuka hadi mita 44, yaani milimita nne. Kina kimepanda kutoka mistari mitatu hadi tisa. Safu hii inapita penye miti, inapita uchochoro wa kijiji, na askari mgeni aliyefundishwa miezi michache anaweza kuifuata bila kupotea. Lakini hesabu bunduki: watu 80 mbele, na ukiongeza mstari wa pili, 160. Wale wengine wote wanaona migongo ya wenzao.

Hapa tulia kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu. Waingereza walijipanga mistari miwili tu. Batalioni yao ya watu 600 inatandika watu 300 mbele, mita 165, na kila bunduki inafyatuka. Weka kistari hicho mbele ya safu yako ya milimita nne. Bunduki 600 dhidi ya 160, na ncha za mstari wa Mwingereza zinajikunja na kuipiga safu kwenye mbavu zote mbili. Ndicho kilichowakuta Wafaransa waliopanda mlima wa Bussaco nchini Ureno, tarehe 27 Septemba 1810. Hawakukosa ushujaa. Walikutwa katika safu kabla ya kujifungua kuwa mstari, na kujifungua chini ya risasi, ukiwa unapanda mlima, ni kazi ambayo hata kikosi nilichokiona mimi kikiwa kimenolewa sana kingeifanya kwa tabu.

Bunduki yenyewe ilikuwa gumegume ya kupakiwa mdomoni. Wafaransa walifundisha kuipakia kwa hatua 12, kila hatua na amri yake. Askari mzuri alifyatua mara mbili au tatu kwa dakika. Zaidi ya mita 100 ilikuwa bahati kumpata mtu mmoja uliyemlenga, ndiyo maana watu walibanana: hawakulenga mtu, walilenga ukuta wa watu. Hatua ya Mfaransa ilikuwa sentimita 65, na ngoma ya shambulio ilipiga hatua 120 kwa dakika. Piga hesabu: mita 100 za mwisho zinachukua sekunde 77. Katika muda huo adui aliyetulia anakufyatulia mara tatu. Hesabu hii ifanye kwa mkono wako, kwenye karatasi yako, na hutaona tena wapiga ngoma kama mapambo. Ngoma ndiyo iliyowatoa watu wale upande mmoja wa sekunde hizo na kuwafikisha upande wa pili wakiwa bado batalioni.

Mchoro wa tatu ni mraba. Batalioni inajikunja pande nne, singe zimetoka nje, mstari wa mbele umepiga goti, maofisa na bendera katikati. Farasi hakimbilii ukuta wa singe, hata mpandaji akimchoma kwa spa. Mraba uliokamilika na kutulia ulivunjwa na wapanda farasi mara chache sana. Ambao haujakamilika ni maafa. Albuera, Hispania, 16 Mei 1811, brigedi ya Waingereza chini ya Colborne ilikuwa katika mstari ikiwapiga Wafaransa ubavuni, ikaja mvua kali ya mawe iliyoficha kila kitu, na ndani ya mvua ile wakatokea wapanda farasi wa Poland wenye mikuki. Batalioni tatu kati ya nne zilisagwa ndani ya dakika chache. Ya nne, iliyowahi kufunga mraba, ilisalimika. Watu wale wale, silaha zile zile, asubuhi ile ile. Kwata, vijana wangu, si mchezo wa sherehe.

Lakini mraba una adui yake, mzinga. Tufe moja la chuma likiingia kwenye pembe ya mraba linapita katikati ya watu wengi kuliko likiingia kwenye mstari mwembamba. Basi kamanda mwerevu anatanguliza wapanda farasi ili kuwalazimisha askari wa miguu wafunge mraba, kisha anasogeza mizinga iupige, halafu askari wake wa miguu wanakuja kumalizia. Ney, marshali wa Napoleon, pale Waterloo tarehe 18 Juni 1815, aliwapeleka maelfu ya wapanda farasi kwenye miraba ya Wellington, kamanda wa Waingereza, bila askari wa miguu wa kutosha nyuma yao wala mizinga ya kutosha pembeni. Walizunguka miraba kwa karibu saa mbili alasiri ile, na miraba ikabaki.

Ongeza mizinga kwenye mchoro. Betri ya miguu ya Wafaransa ilikuwa na mizinga 8: sita ya kurusha tufe moja kwa moja na miwili mifupi ya kurusha makombora kwa kupindisha juu. Mizinga ya ratili 6 au 8 (ndio uzito wa tufe lake) iliambatana na divisheni, na ile mizito ya ratili 12 ikawekwa akiba kwa kamanda wa juu. Kwa mbali walitumia tufe, ambalo hudunda ardhini na kuendelea kuua. Ardhi ikilowa halidundi vizuri. Adui akikaribia walibadili na kupakia mikebe iliyojaa risasi ndogo. Wapanda farasi wagawe mara mbili tu. Wepesi, yaani mahusari na wenzao, ni macho ya jeshi na wako mbele na pembeni. Wazito wavaa deraya wako nyuma, wanangoja saa yao.

Kutoka batalioni kwenda juu nitaenda haraka, maana ni kujumlisha. Batalioni mbili, tatu au nne hufanya rejimenti chini ya kanali. Rejimenti mbili au zaidi hufanya brigedi. Brigedi mbili au tatu, pamoja na mizinga yake, hufanya divisheni ya watu kama 6,000 hadi 9,000. Divisheni mbili hadi nne, ukiongeza wapanda farasi wepesi, mizinga mizito, wahandisi na magari ya mizigo, zinafanya kori chini ya marshali.

Kori ndiyo kitu ninachotaka ukishike kuliko vingine vyote. Ilikuwa jeshi kamili kwa udogo: ilijitafutia njia, ilijilisha, na iliweza kupigana peke yake siku nzima dhidi ya adui mkubwa kuliko yeye mpaka kori jirani ifike. Mwaka 1805 Napoleon alikuwa na kori saba, pamoja na akiba ya wapanda farasi chini ya Murat na Walinzi wa Kaisari. Zilitembea kwa barabara tofauti ili zisigombee chakula, zikaunganishwa na amri zilizotoka kwa mnadhimu mkuu, Berthier. Austerlitz, tarehe 2 Desemba mwaka ule, Warusi na Waaustria walikuwa wengi kuliko Wafaransa, lakini walipangwa katika misafara iliyoundwa kwa ajili ya vita ile tu. Majenerali walikabidhiwa vikosi wasivyovizoea, na asubuhi wapanda farasi wa jenerali wao Liechtenstein wakakatiza njia ya askari wao wenyewe wa miguu na kuwachelewesha.

Sasa Auerstedt. Chukua karatasi mpya. Kulia chora mto Saale na daraja la Kösen. Kushoto kwake, kwenye uwanda wa juu, weka kijiji cha Hassenhausen. Kori ya III ya marshali Davout ina watu kama 27,000 na mizinga 44. Mbele yake linakuja jeshi kuu la Prussia, ufalme wa Kijerumani, zaidi ya mara mbili yake, mfalme Frederick William III akiwamo. Napoleon mwenyewe yuko Jena, kama kilomita 20 kusini, akiamini kwamba jeshi kuu analo yeye.

Divisheni ya Gudin, moja ya tatu za Davout, inafika kwanza, ndani ya ukungu mzito. Ina batalioni 8. Zidisha: hata ukizitandaza zote katika mstari, bila akiba hata moja, zinachukua kama kilomita moja, sentimita kumi za karatasi yako. Chora, kisha angalia nafasi iliyobaki wazi pande zote mbili. Hapo utaelewa hofu ya asubuhi ile vizuri kuliko maelezo ya kurasa nyingi. Blücher, jenerali wa Prussia, anashambulia na wapanda farasi, Gudin anafunga miraba, miraba inasimama. Divisheni ya Friant inafika; iweke kaskazini mwa kijiji, ambako ndiko kulia kwa Wafaransa wanaotazama magharibi. Kushoto kwao, kusini, kunabaki uchi, na Rejimenti ya 85 inaumia vibaya kukishikilia Hassenhausen. Kisha Morand anafika na kuwekwa kushoto. Wapanda farasi wa Prussia wanamjia, batalioni zake zinafunga miraba, zinawarudisha, zinafungua, zinasonga mbele. Mraba, mstari, safu: maumbo yote uliyochora yanapita mbele yako ndani ya saa chache.

Upande wa Prussia chora divisheni zikiingia moja baada ya nyingine badala ya pamoja. Walikuwa wameanza kutumia divisheni mwaka ule ule, na ngazi ya kori hawakuwa nayo. Kamanda wao, Mtawala wa Brunswick, alipigwa risasi usoni iliyomharibu macho na baadaye akafa kwa jeraha hilo. Hakuna aliyeteuliwa mara moja kushika nafasi yake, na akiba ya jenerali Kalckreuth haikuingizwa vitani kwa nguvu. Davout alipoteza kama watu 7,000, na divisheni ya Gudin ndiyo iliyolipa zaidi. Waprussia walipoteza takriban 13,000 na mizinga 115.

Ukimaliza, futa divisheni ya Morand na uchore upya ukiwa na mbili tu. Pima mita ulizobaki nazo, amua nani atashika kijiji na nani atalinda kushoto, kisha andika pembeni umebakiza batalioni ngapi za akiba. Ukipata sifuri, rudi kwa Gudin uanze tena.