Namna ya Kupambanisha Vikosi Viwili vya Nyota wa Kikapu wa Nyakati Zote

Mjadala kuhusu vikosi viwili vya kufikirika huharibika mapema pale kila upande unapohesabu vikombe, tuzo na pointi za wachezaji wake, kisha ukajumlisha na kutangaza mshindi. Uwanjani kuna mpira mmoja tu, na kila mchezaji kati ya watano lazima awe na mtu wa kumkaba. Kwa hiyo swali la kuuliza si kikosi kipi kina majina makubwa zaidi, bali nani atamkaba nani, na kwa kanuni zipi.

Tuchukue mfano na tuufuate hadi mwisho. Kikosi cha Kwanza kina Magic Johnson, Michael Jordan, Larry Bird, Tim Duncan na Kareem Abdul-Jabbar. Kikosi cha Pili kina Stephen Curry, Kobe Bryant, LeBron James, Kevin Garnett na Hakeem Olajuwon.

Kabla ya jambo lolote, amua mchezo unachezwa kwa kanuni za mwaka gani. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, ilhali mara nyingi ndiyo inayoamua matokeo. NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ilianza kutumia mstari wa pointi tatu katika msimu wa 1979–80, kwa hiyo ukichagua kanuni za mwaka 1970 utakuwa umemnyang'anya Curry silaha yake kuu kabla mpira haujarushwa. Ulinzi wa kukaba eneo, yaani beki kulinda sehemu ya uwanja badala ya mtu mmoja, uliruhusiwa katika msimu wa 2001–02, na msimu huohuo beki akakatazwa kusimama zaidi ya sekunde tatu chini ya kikapu bila kuwa na mtu wa kumkaba karibu naye. Kuanzia msimu wa 2004–05, waamuzi wakawa wakali zaidi kwa beki anayemwekea mkono mchezaji mwenye mpira. Katika mfano wetu nitapima mara mbili, kwanza kwa kanuni za 1986 na kisha kwa kanuni za 2016, kwa sababu tofauti ya miaka hiyo miwili inafundisha mengi.

Kisha chagua kila mchezaji ni wa mwaka upi. Mtu anaweza kudai kwamba Olajuwon alikwisha kumshinda Abdul-Jabbar, kwa kuwa mwaka 1986 Houston Rockets waliwatoa Los Angeles Lakers kwa michezo 4 kwa 1 katika fainali ya kanda ya Magharibi. Ni kweli, lakini Abdul-Jabbar alikuwa na umri wa miaka 39, na huyo siye utakayemchagua ukiruhusiwa kuchukua msimu wake bora. Mkubaliane kwamba kila mchezaji analetwa katika msimu mmoja uliotajwa, na kwamba haruhusiwi kuchanganya kasi ya ujana wake na maarifa ya uzeeni.

Takwimu zina nafasi yake, ila zinahitaji kusomwa pamoja na wakati wake. Wilt Chamberlain alipata wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo katika msimu wa 1961–62, na msimu huohuo Oscar Robertson alikuwa na wastani wa pointi 30.8, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 12.5 na asisti (pasi za kufungisha) 11.4. Ni mafanikio makubwa, lakini siku hizo timu moja ilipiga zaidi ya mitupo 100 katika mchezo mmoja, na mitupo mingi huzaa pointi nyingi na ribaundi nyingi. Vilevile, bloku (mitupo iliyozuiwa) na mipira iliyoibwa vilianza kuhesabiwa rasmi katika msimu wa 1973–74. Bill Russell, aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13, alistaafu mwaka 1969 bila hata bloku moja kuandikwa kwa jina lake katika takwimu rasmi, na anayemhukumu kwa safu hiyo tupu anamdhulumu.

Sasa panga ukabaji, na ufanye kazi hii bila haraka. Chora jedwali, uandike kila jina na mtu wake, kisha utafute mahali panapovuja. Kikosi cha Pili kinaweza kumpa LeBron kazi ya kumkaba Magic, Kobe akamkaba Jordan, Garnett akamkaba Duncan, na Olajuwon akasimama na Abdul-Jabbar. Anayebaki ni Curry mwenye urefu wa mita 1.88, na mtu aliyebaki kwake ni Bird mwenye mita 2.06. Katika Kikosi cha Kwanza hakuna mchezaji dhaifu wa kumfichia Curry, na kwangu hilo ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika pambano hili. Kikosi cha Kwanza nacho kina mashaka yake: Jordan atalazimika kumfukuza Curry uwanja mzima, Magic atabaki na Kobe, na Bird atakutana na LeBron anayekuja mbio kikapuni.

Baada ya hapo, uliza mpira utakaa mikononi mwa nani. Bird na Curry ni hatari hata wasipokuwa nao, kwa maana beki hawezi kuwaacha hata hatua mbili. LeBron na Kobe wote wamezoea kuanzisha mashambulizi, kwa hiyo mmoja atapungukiwa, na wastani wake wa pointi usiuhamishe kama ulivyo.

Wachezaji wa akiba wataje wachache tu, kwa kuwa nyota hawa watacheza dakika nyingi. Amua pia kama ni mchezo mmoja au mfululizo wa michezo saba. Mitupo ya mbali inaweza kukataa usiku mmoja na kuingia yote usiku unaofuata, ilhali mfululizo humpa kocha nafasi ya kurekebisha ukabaji.

Kwa kanuni za 1986, naipa Kikosi cha Kwanza ushindi katika michezo mitano: Jordan ataweka mkono kwa Curry, na Abdul-Jabbar atapokea mpira huku ukabaji wa eneo ukiwa marufuku. Kwa kanuni za 2016, Kikosi cha Pili kitashinda katika mchezo wa saba, maana Garnett na Olajuwon wataweza kusogea mapema kumsaidia Curry dhidi ya Bird, na Curry mwenyewe ataachiwa njia ambayo mwaka 1986 asingeipata.