Kabla ya kwenda kliniki ya kisukari kwenye zahanati yako

Anayekupokea zahanati au kituo cha afya mara nyingi ni tabibu, ambaye wote tunamwita daktari, na asubuhi hiyo hiyo ana foleni ya watoto wenye homa, vidonda na kina mama wajawazito. Kisukari anakifahamu. Anajua kwamba sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L au zaidi, na ikarudi hivyo siku nyingine, huo ni ugonjwa. Anajua pia kuwa wagonjwa wengi wa aina ya 2 huanzishiwa metformini. Panapolegea ni kwenye ufuatiliaji. Namba inasomwa, dawa zile zile zinaandikwa, unapewa tarehe ya kurudi, na miaka inakatika sukari iko juu na dozi haijaguswa. Maandalizi yako yalenge hapo.

Beba dawa zote, pamoja na bahasha zao. Ukisema "natumia vile vyeupe viwili" hujamsaidia, maana vyeupe ni vingi, na bahasha iliyoandikwa 1 x 2 bila jina la dawa ni fumbo kwake pia. Weka na za presha, za miti shamba, na zile ulizonunua duka la dawa kwa ajili ya pumu au mzio. Prednisoloni na deksamethasoni hupandisha sukari; asipojua umezitumia, anaweza kukuongezea dozi bila sababu. Walio kwenye matibabu ya kifua kikuu waseme pia, kwa kuwa rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza nguvu ya glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari.

Halafu kuna ule ujanja wa kujinyima wali na soda siku mbili kabla ya kliniki ili namba ipendeze. Kipimo cha kidoleni kinasoma saa ile tu. Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c ndicho kinachoonyesha hali ya sukari ya takriban miezi 3 iliyopita, na watu wazima wengi hulenga chini ya 7%. Kama zahanati haina, ulizia inapopimwa. Mwenye selimundu au upungufu wa damu aseme mapema, kwani majibu ya kipimo hicho yanaweza kupotosha. Kwenye daftari andika pia nyakati ulizotokwa jasho la ghafla na kutetemeka, hasa kama unameza glibenklamidi au unachoma insulini: daktari asiyesikia habari za sukari kushuka ataona zile za juu tu na kuongeza dawa. Ukiambiwa uje bila kula, uliza kabla ya siku hiyo dawa ya asubuhi uifanyeje, na uwe na kitu cha kula mkobani.

Miguu ndiyo ninayoisisitiza kuliko vyote. Ukikaa kwenye kiti na soksi na viatu vya kamba, haitaangaliwa, foleni hairuhusu. Nenda na ndala, uvue kabla hujaulizwa. Atazame katikati ya vidole na visigino vilivyopasuka, kisha akuguse nyayo kwa ule uzi maalumu wa plastiki huku umefumba macho, nawe useme unapohisi. Pale usipohisi, kokoto inaweza kukaa ndani ya kiatu kutwa nzima na usijue. Uzi ukikosekana, kukugusa taratibu kwa ncha ya kidole kwenye vidole vya miguu kunafaa kwa kuanzia.

Presha ipimwe kila safari. Macho na figo angalau mara moja kwa mwaka. Vifaa visipokuwepo, omba rufaa. Siku ya macho usiende na pikipiki yako, kwa sababu dawa ya kupanua mboni huacha ukungu kwa saa kadhaa.

Na kabla hujainuka: "Samahani daktari, namba hii isiposhuka hadi nitakaporudi, tutabadilisha nini?" Aandike jibu kwenye daftari lako la kliniki, maana utakayemkuta safari ijayo anaweza kuwa mwingine.