Somo: Kuunga teki mbili zisizolingana, kwa kufuata rekodi ya Strawberry Fields Forever

Strawberry Fields Forever ya The Beatles, iliyotoka Februari 1967, ni rekodi mbili zilizokatwa na kuungwa. Dakika ya kwanza inatoka kwenye teki moja (teki ni jaribio moja la kurekodi wimbo), na sehemu iliyobaki inatoka kwenye teki nyingine yenye kii tofauti (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), tempo tofauti (kasi ya mdundo) na vyombo tofauti. Watu wameusikiliza maisha yao yote bila kujua kwamba katikati ya sentensi moja mwimbaji anahama siku, anahama bendi, na hata kifua chake kinabadilika.

Tutafanya mambo mawili. Kwanza tutafuata jinsi wimbo ulivyorekodiwa kati ya tarehe 24 Novemba na 22 Desemba 1966, kisha utajaribu kazi hiyohiyo kwenye kompyuta yako. Naomba usiiruke sehemu ya historia. Bila hiyo, hesabu za huko mbele zitakuwa tarakimu tupu.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kugusa chochote

Vaa hedifoni, usitumie spika ya simu. Wimbo unaanza na sauti kama filimbi. Hiyo ni Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe chake huvuta kipande cha utepe kilichorekodiwa noti halisi, kwa takribani sekunde 8 tu, kisha utepe unarudi mwanzo. Kwa maneno mengine, hata chombo cha kwanza unachokisikia ni kanda.

Kinakuja kiitikio, halafu ubeti, kisha kiitikio mara ya pili. Tega sikio kwenye mstari wake wa kwanza, saa ikifika dakika 1 kamili. Katikati ya mstari huo Mellotron inaondoka, chelo zinaingia na nguvu zake, ngoma zinakuwa nzito, na sauti ya mwimbaji, John Lennon, inakuwa nene, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Rudia hapo mpaka uushike mshono. Ukishausikia mara moja, hutaacha kuusikia tena.

Hatua ya 2: Ijue teki ya kwanza

John Lennon aliutunga wimbo huu mwaka 1966 akiwa Almería, Hispania, alikokwenda kuigiza filamu. Jina lake linatokana na Strawberry Field, makao ya watoto ya Jeshi la Wokovu yaliyokuwa Woolton, Liverpool, karibu na alikolelewa.

Kazi ilianza tarehe 24 Novemba katika studio za EMI, barabara ya Abbey Road, London. Prodyuza alikuwa George Martin na fundi mitambo Geoff Emerick. Teki ya 1 ni ya upole, na inaanzia moja kwa moja kwenye ubeti. Wakairudia kazi tarehe 28 na 29, na teki ya 6 ndiyo iliyopendeza.

Sasa zingatia jambo hili. Mashine ilikuwa na traki 4 tu, yaani njia nne za kurekodia sauti kando kando kwenye utepe mmoja. Zikijaa, walizichanganya na kuzihamishia kwenye utepe mwingine ili wapate nafasi ya kuongeza vitu. Nakala hiyo ilipewa namba mpya, kwa hiyo teki ya 6 ikawa teki ya 7. Kila uhamisho uliongeza mchakarisho kidogo wa kanda, na uwiano wa vyombo vilivyochanganywa ulikuwa umeshafungwa. Kama gitaa limezama, limezama. Walilazimika kuamua papo hapo, na mimi naamini uamuzi huo wa mapema ndio uliowafanya wasikilize kwa makini namna ile.

Hatua ya 3: Ijue teki ya pili

Lennon aliipenda teki ya 7, lakini bado kuna kitu alikikosa. Akataka wimbo urekodiwe upya, kwa uzito zaidi. Tarehe 8 Desemba wakaanza, na jioni ile Martin na Emerick walikuwa wamekwenda kwenye onyesho la kwanza la filamu ya mwimbaji Cliff Richard, hivyo aliyekaa kwenye mitambo mwanzoni alikuwa Dave Harries. Msingi uliotoka hapo ni fujo nzuri ya ngoma na midundo.

Juu ya msingi huo yakaja matoazi yaliyorekodiwa kinyumenyume, yale yanayosikika kama pumzi inayovutwa ndani. George Harrison, mpiga gitaa wa bendi, akaongeza swarmandal, chombo cha Kihindi cha nyuzi nyingi ambacho mpenzi wa taarabu atakitambua haraka kwa sababu hukwanguliwa nyuzi zikateremka kama kwenye kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu. Tarehe 15 Desemba waliingia wapiga tarumbeta 4 na chelo 3, kwa muziki ulioandikwa na Martin. Baada ya uhamisho mwingine wa traki, rekodi hii ikaitwa teki ya 26.

Ukiweza, tafuta toleo la mwaka 2017 la kuadhimisha miaka 50 ya albamu yao ya Sgt. Pepper. Lina teki za 1, 4, 7 na 26 zikiwa pekepeke. Sikiliza ya 26 na utashangaa ilivyo na haraka.

Hatua ya 4: Elewa tatizo lenyewe

Lennon akamwambia Martin kwamba anapenda mwanzo wa ile ya kwanza na mwisho wa ile ya pili, basi ziungwe. Martin akamweleza kwamba kuna mambo mawili tu yanayozuia: kii ni tofauti na tempo ni tofauti. Lennon akamwachia kazi akiamini atapata njia.

Na hapa ilikuja bahati ya mtende. Kwenye utepe, kasi na kimo cha sauti vimefungwa pamoja. Ukipunguza kasi ya mashine, wimbo unakwenda polepole na wakati huohuo sauti zote zinashuka. Teki ya 26 ilikuwa na haraka zaidi, na pia ilikuwa juu zaidi. Kwa hiyo kuipunguza kasi kulitatua mambo yote mawili kwa mkono mmoja, na ile ya kwanza ikahitaji kusogezwa kidogo tu. Kama yenye haraka ndiyo ingekuwa chini, kwa mitambo ya mwaka 1966 kazi isingewezekana.

Tarehe 22 Desemba wakafanya miksi za mono za sehemu zote mbili, yaani traki zote zikichanganywa kuwa sauti moja, na kuziunga. Wimbo ukaishia kwenye kimo kilicho katikati ya noti za A na B bapa, mahali ambapo hakuna kinanda kilichotiwa sauti sawasawa kinachoweza kuufuata. Wapiga gitaa mliojaribu kuucheza pamoja na rekodi mkaona haukubali, sababu ni hiyo.

Hatua ya 5: Piga hesabu yako

Rekodi wimbo wako mara mbili: mmoja mpole (teki A), mwingine wa haraka na juu zaidi kwa nusu toni (teki B). Kila nusu toni ni uwiano wa 1.0595. Kushusha nusu toni moja kwa kubadili kasi ni kupunguza asilimia 5.6, na nusu toni mbili ni asilimia 10.9.

Tuseme teki ya haraka ina tempo ya midundo 102 kwa dakika. Gawanya kwa 1.0595, utapata 96.3. Hiyo ndiyo tempo ambayo teki yako ya polepole inapaswa kuwa nayo. Kama ilirekodiwa kwa 95, ziache zitofautiane kidogo hapo. Sikio husamehe tempo iliyoruka kwa hatua moja kuliko kimo kilichopinda. Ukilazimika kuchagua, linganisha kimo kwanza.

Hatua ya 6: Badili kasi

Kwenye Audacity au programu nyingine ya kuhariri sauti, chagua kifaa kinachobadili kasi na kimo kwa pamoja. Usichague kile kinachobadili tempo peke yake. Weka asilimia uliyoipata, na uifanye kwenye miksi nzima ya teki ya haraka, si kwenye traki moja moja. Kisha cheza mwisho wa teki A na papo hapo mwanzo wa teki B, mara kadhaa, ukiwa umefumba macho.

Hatua ya 7: Chagua pa kukata, halafu kata

Hapa ndipo kazi ilipo. Wengi hukata mwishoni mwa ubeti, kwenye kimya, wakidhani ndipo salama. Kumbe kimya ndipo sikio linapokaa tayari kukamata mabadiliko. Kwenye wimbo huu mkato uko katikati ya mstari, wakati msikilizaji anangoja sentensi ikamilike, na chelo zinaingia mara moja kumpa kitu kipya cha kushika. Tafuta mahali pa namna hiyo: neno linaelekea kwenye neno lingine, na upande wa pili kuna chombo kipya kinachopokea.

Sasa mkato wenyewe. Utepe wa miksi ulikuwa na upana wa milimita 6.35, na kwenye kasi ya sentimita 38 kwa sekunde mkato wa kawaida wa digrii 45 unapita kwa takribani milisekunde 17. Emerick aliukata mshalazari sana, ili rekodi moja iondoke taratibu huku nyingine ikiingia. Ukikata kwa digrii 15, kwa mfano, mpishano unafika milisekunde 62. Anzia humo kwenye kompyuta: fifisha teki A na ingiza teki B ndani ya milisekunde 60. Ukizidisha sana utasikia waimbaji wawili, ukipunguza sana utasikia mlio mdogo wa kukatika.

Mwisho, mpe mtu asiyejua ulichofanya asikilize. Usimwambie atafute nini.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Siku hizi programu inaweza kubadili tempo bila kugusa kimo, na kimo bila kugusa tempo. Kwa nini tujisumbue na hesabu?*

Marahaba. Unaweza, na kwa kazi ya kawaida ni sawa kabisa. Lakini hapo programu inajitahidi kuiacha sauti ya mtu jinsi ilivyokuwa. Ukibadili kasi, kila kitu kinashuka kwa pamoja: pumzi, herufi za meno, mkia wa ngoma, hata mwangwi wa chumba. Ndiyo maana Lennon anasikika kama ana kifua kikubwa zaidi baada ya ile dakika ya kwanza. Wimbo unazungumzia mtu asiye na uhakika na anachokiona, na sauti yake mwenyewe inabadilika mdomoni. Ukiondoa hilo umeondoa roho ya rekodi.

*Kaka, mimi nina simu tu. Nafanyaje?*

Tafuta programu ya kuhariri sauti yenye kubadili kasi, halafu ijaribu hivi: punguza kasi iwe nusu. Kama sauti imeshuka oktava nzima, ndiyo yenyewe. Kama imekwenda polepole lakini kimo kimebaki palepale, hiyo si ya kazi hii. Mkato wenyewe hata kwa kidole unawezekana, ila kuza picha ya mawimbi mpaka uone mwanzo wa mdundo.

*Je, ni kweli mwishoni Lennon anasema amemzika Paul McCartney, mwenzake wa bendi aliyevumishwa kuwa amekufa?*

Hapana. Anataja mchuzi wa zile beri nyekundu zinazoliwa na nyama ya bata mzinga, cranberry sauce. Sikiliza teki ya 7 kwenye Anthology 2, mkusanyo wa The Beatles wa mwaka 1996, inasikika bila shida. Uvumi ule ulishika kwa sababu kwenye wimbo uliotoka, maneno hayo yamezama ndani ya ngoma, tena kwa kasi iliyopunguzwa.

*Mbona haumo kwenye Sgt. Pepper wakati ulirekodiwa kipindi kilekile?*

EMI na meneja Brian Epstein walihitaji singo (sahani ya nyimbo mbili tu) haraka, ukatolewa pamoja na Penny Lane, na singo kwa kawaida hazikuwekwa kwenye albamu Uingereza wakati huo. Martin alikuja kusema lilikuwa kosa kubwa. Huko Uingereza singo hiyo iliishia nafasi ya 2, nyuma ya mwimbaji Engelbert Humperdinck.

*Mwalimu, baba ana kaseti nyingi za muziki wa dansi, nyingine zimekopiwa kwenye mashine mbovu na zinakwenda mbio. Hesabu hii inasaidia?*

Inasaidia sana, na nafurahi umeuliza. Kosa la kaseti ni kosa la kasi, kwa hiyo dawa yake ni kasi. Tafuta mahali patulivu, kabla bendi haijaanza au baina ya nyimbo, uone kama kuna mvumo wa umeme ulioingia wakati wa kurekodi. Umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Ukipima mvumo ukakuta hezi 52, kanda inakwenda mbio kwa asilimia 4, basi irudishe kwa kuzidisha kasi kwa 50 iliyogawanywa kwa 52, yaani asilimia 96.2. Hakikisha mvumo unaoupima umo kwenye kanda, si wa mashine unayochezea leo: simamisha kanda, na kama mvumo wa hezi 50 kamili umebaki, huo ni wa mashine yako. Usipopata mvumo, tumia saksafoni au tarumbeta. Magitaa bendi iliweza kuyatia sauti popote, lakini wapulizaji hawawezi kwenda mbali na kimo cha kawaida. Na kabla ya yote hifadhi nakala ambayo hujaigusa.