Jinsi ya kupata matoleo ya zamani ya majarida ya usalama wa ndege za kijeshi

Majarida haya yaliandikwa ili rubani wa leo asife kwa kosa lililomuua rubani wa jana. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilianza kutoa U.S. Army Aviation Digest Februari 1955. Julai mwaka huohuo jeshi la majini likaanza Approach huko Norfolk, Virginia. Jeshi la anga lilikuwa na Flying Safety, Canada wakawa na Flight Comment, na Uingereza Air Clues. Yalipelekwa vikosini, yakasomwa kwenye vyumba vya marubani, kisha mengi yakatupwa. Kwa hiyo anayeyataka leo lazima aombe, na ombi lililokosewa hula wiki nyingi. Hapa tunashughulika zaidi na Marekani, kwa kuwa huko ndiko majarida yalikotoka kwa wingi na ndiko maombi mengi yanakokwama.

Kwanza, hakikisha unachotafuta kilikuwepo

Usiguse fomu yoyote kabla ya kujua jarida liliitwaje katika mwaka unaoutaka. La jeshi la anga la Marekani linawachanganya wengi: katika miaka ya 1960 na 1970 jina lake lilikuwa Aerospace Safety, halafu likarudia Flying Safety. Ukiomba Flying Safety ya 1968, mkutubi atatafuta kwa jina hilo, hatakuta kitu, na atakujibu kwa uaminifu kabisa kwamba hawana. Kumbe lipo rafu hiyohiyo kwa jina jingine.

Kamandi, yaani matawi makubwa ya jeshi hilo la anga, nazo zilikuwa na majarida yao: TAC Attack, Interceptor, The MAC Flyer, Combat Crew. Kamandi ikivunjwa, jarida hufa au hubadilishwa jina. TAC, kamandi ya ndege za kivita, ilipofutwa 1992, nafasi ya TAC Attack ilichukuliwa na The Combat Edge. Kama una kipande cha makala bila jina la jarida, tazama aina ya ndege: ya kivita ielekee TAC Attack au Interceptor, ya usafirishaji ielekee The MAC Flyer.

Anayetafuta Approach ya 1951 asihangaike, haikuwepo. Mafunzo ya ajali za wanamaji kabla ya 1955 yamo ndani ya Naval Aviation News, hasa kwenye safu ya Grampaw Pettibone, mzee wa katuni, iliyoanza 1943 na kuchorwa na Robert Osborn. Kituo cha historia cha jeshi la majini la Marekani kimeweka matoleo mengi ya jarida hilo mtandaoni, kwa hiyo hapo huhitaji kumwomba mtu.

Juzuu na namba: hapa ndipo ombi linapoharibika

Watu huandika mwezi na mwaka wakadhani wamemaliza. Maktaba hujalidi majarida kwa juzuu, na juzuu haifuati lazima Januari hadi Desemba. Approach ilianza Julai, kwa hiyo juzuu yake ya kwanza ni Julai 1955 hadi Juni 1956. Toleo la Machi 1965 basi liko juzuu ya 10, namba ya 9, na limejalidiwa pamoja na matoleo ya nusu ya pili ya 1964. Ukiomba "juzuu ya 1965" utaletewa kitabu kinachoanza Julai 1965, na Machi yako haimo. Hesabu mwenyewe, kisha hakiki kwa ukurasa wa ndani wa toleo lolote la karibu uliloliona, kwa sababu namba za juzuu huchapwa hapo.

Kitu cha pili ni namba ya SuDoc, ambayo maktaba za Marekani hutumia kupanga machapisho ya serikali. Approach ni D 202.13, Army Aviation Digest ni D 101.47. Ipate katika katalogi ya machapisho ya serikali ya Marekani, ambayo ni bure mtandaoni. Iandike mwanzoni kabisa mwa ombi lako. Katika maktaba nyingi machapisho haya hayamo kwenye rafu za kawaida wala kwenye katalogi kuu. Yako chumba chake, mara nyingi ghorofa ya chini, na bila namba hiyo anayepokea barua yako hana pa kuanzia.

Mtandaoni kabla ya barua

Anza na HathiTrust na Internet Archive, maktaba mbili za mtandaoni zenye vitabu na majarida yaliyoskaniwa. Machapisho ya serikali kuu ya Marekani hayana haki miliki nchini humo, kwa hiyo mengi yamefunguliwa kwa msomaji wa popote, awe Mombasa au Muscat. Mitego iko mitatu.

Wa kwanza: HathiTrust hukusanya nakala za vyuo mbalimbali chini ya jina moja. Nakala ya chuo kimoja ikikosa toleo la Mei, fungua ya chuo kingine kabla ya kukata tamaa.

Wa pili: juzuu inaweza kuonyesha kwamba inaruhusiwa kutafutwa maneno tu, isisomwe, ingawa ni chapisho la serikali. Mara nyingi mashine imeshindwa kutambua mchapishaji. Tumia fomu ya maoni iliyopo kwenye ukurasa huo, taja juzuu, eleza kwamba mchapishaji ni serikali kuu ya Marekani, na omba hali yake ipitiwe upya. Ni kazi ya dakika tano, na ikikubaliwa umewafungulia wote watakaokuja baada yako. Tafadhali ifanye hata kama toleo lako umeshalipata kwingine.

Wa tatu ni utafutaji wenyewe. Kabla ya Septemba 1962 ndege za wanamaji zilikuwa na majina mengine: F-4 Phantom ilikuwa F4H, A-4 Skyhawk ilikuwa A4D, F-8 Crusader ilikuwa F8U, na A-1 Skyraider ilikuwa AD. Anayeandika F-4 akitafuta matoleo ya 1961 hapati kitu. Jaribu pia bila kistari, maana skani za zamani husoma vibaya kurasa za safu mbili. Na usitafute kwa jina la rubani wala tarehe ya ajali. Majarida ya jeshi la anga yalitangaza wazi kwamba majina, tarehe na mahali katika simulizi za ajali ni ya kubuni, na katika Approach safu ya Anymouse ilikuwa ya watu wasiojitaja. Tafuta kwa kilichoharibika: barafu kwenye kabureta, gurudumu lisiloshuka, mafuta kuisha, kupoteza mwelekeo ndani ya mawingu. Maneno hayo yaandike kwa Kiingereza cha marubani, siyo cha magazeti.

Kuandikia maktaba

Toleo lisipopatikana mtandaoni, njia iliyo bora ni maktaba za hifadhi ya machapisho ya serikali, zilizoko katika kila jimbo la Marekani. Sheria inazitaka ziruhusu umma kuyatumia machapisho hayo bure. Kutuma nakala kwa aliye mbali ni hisani na desturi ya kila maktaba, kwa hiyo andika kwa adabu na kwa kifupi.

Barua pepe nzuri ina mistari sita: namba ya SuDoc, jina la jarida kwa mwaka huo, juzuu na namba, mwezi na mwaka, kurasa unazotaka, na swali moja la kama toleo liko rafuni kwa hakika. Swali hilo usiliache. Katalogi husema maktaba ina matoleo ya 1958 hadi 1975, lakini maktaba ndogo zinaruhusiwa kuondoa machapisho baada ya miaka mitano kwa idhini ya maktaba kuu ya eneo lao, na katalogi huchelewa kusahihishwa. Uliza pia kama walicho nacho ni karatasi au maikrofishi, yaani filamu yenye kurasa zilizopunguzwa sana. Picha na michoro ya rangi kwenye maikrofishi mara nyingi hutoka nyeusi tupu, na kwenye majarida haya mchoro ndio nusu ya somo.

Kwa azimano baina ya maktaba, pitia maktaba ya chuo kikuu chako, kwa sababu mtu binafsi hakubaliwi. Usiombe juzuu nzima. Majarida yaliyojalidiwa karibu hayaazimishwi kamwe, na ombi la namna hiyo hukataliwa bila maelezo. Omba makala, kwa kichwa chake na kurasa zake. Kama hujui kurasa, omba kwanza nakala ya ukurasa wa yaliyomo, halafu tuma ombi la pili. Maombi mawili madogo hufika mapema kuliko moja kubwa.

Maktaba zote zikishindwa, kuna Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Machapisho ya serikali yamo katika kundi la kumbukumbu namba 287, na yamepangwa kwa SuDoc ileile. Kunakili huko ni kwa malipo, kwa hiyo omba makisio ya gharama kabla ya kuagiza.

FOIA iwe ya mwisho

Wengi hukimbilia sheria ya uhuru wa habari ya Marekani (FOIA) kwa sababu inasikika kuwa na nguvu. Mtu wa nchi yoyote anaweza kuitumia, lakini kwa jarida lililochapishwa hadharani utaelekezwa maktaba. Ihifadhi kwa matoleo yaliyosambazwa kwa wahusika tu.

Ukiituma, ipeleke kwenye tawi sahihi: la majini kwa majini, la anga kwa anga. Taja toleo mojamoja, usiandike "matoleo yote". Jieleze kuwa mwombaji wa kawaida asiye na biashara: hapo saa mbili za kwanza za kutafuta na kurasa 100 za kwanza ni bure. Andika kiwango cha juu utakachokubali kulipa, la sivyo ombi linaweza kusimama likisubiri uthibitisho wako. Siku 20 za kazi zinazotajwa kisheria ni za kukujibu, si za kukuletea karatasi. Na usichanganye jarida na ripoti ya uchunguzi wa ajali. Ripoti za usalama zina kinga yake, na ukizitaja ndani ya ombi hilohilo unalichelewesha lote.

Uingereza na Canada

Canada ni rahisi: kurugenzi ya usalama wa anga ya jeshi lao imeweka matoleo ya nyuma ya Flight Comment mtandaoni. Kwa kuwa jarida ni la lugha mbili, jaribu pia jina la Kifaransa, Propos de vol.

Air Clues inahitaji subira. Haki miliki ya machapisho ya serikali ya Uingereza hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka wa kuchapishwa, kwa hiyo toleo la 1965 liko huru tangu mwanzo wa 2016, na la 1985 bado. Taja jambo hili unapoomba skani, maana huamua kama utapewa toleo zima au kurasa chache. Makumbusho ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, huko Hendon, London, yana chumba cha kusomea kwa miadi. Aliye na ndugu au rafiki London amtume huko akiwa na orodha ya juzuu na namba, siyo ya miaka.

Ukiamua kununua

Omba picha ya jalada, ya ukurasa wa yaliyomo na ya katikati, kwa sababu kurasa za katikati zenye mabango ndizo huchanwa kwanza. Bei nafuu ya posta ya Marekani kwa vitabu haivuki mpaka. Muuzaji akikutajia bei hiyo, mweleze mapema kwamba unataka kitumwe Afrika Mashariki, na akupe bei mpya kabla hujalipa. Matoleo kadhaa yakifungwa pamoja kwa muuzaji mmoja kwa kawaida hugharimu posta kidogo kuliko yakitumwa mojamoja.

Ukishapata toleo ambalo halimo mtandaoni, liskani lote kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, kwa rangi. Faili lipe jina lenye jarida, juzuu, namba, mwezi na mwaka, kisha lipandishe Internet Archive.