SOMO: Namna unyuzi wa kioo unavyopima joto, mkazo na mtikisiko

Ndugu mafundi, swali hili limeulizwa humu mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niandike jibu lake kwa ukamilifu, ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa: mkongo usiopitisha umeme unawezaje kupima joto la bomba au mzigo ulio juu ya daraja?

Unyuzi tunaouunganisha kila siku una kiini chenye upana wa mikroni 9 hivi (mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita), kilichozungukwa na gamba la kioo lenye upana wa mikroni 125. Mwanga husafiri polepole kidogo zaidi katika kiini kuliko katika gamba, na kwa sababu hiyo mwanga unaogonga mpaka wa vioo hivyo viwili kwa mshazari hurudishwa wote ndani. Ukiukunja unyuzi huo, ukiuvuta, ukiupasha joto au ukiutikisa, mwanga uliomo hubadilika kwa kiasi kinachopimika. Fundi wa mawasiliano huyaita mabadiliko hayo hasara. Mwenye kihisi, yaani kifaa cha kupimia, huishi kwa hayo hayo.

Jaribio lifuatalo linaweza kufanyika juu ya meza yoyote ya karakana, kwa vifaa ambavyo wengi wetu hapa Mwanza tunavyo tayari.

Hatua ya 1. Andaa chanzo cha mwanga chenye mawimbi ya urefu wa nanomita 1310 na 1550, pamoja na mita ya kupimia nguvu ya mwanga.

Hatua ya 2. Chagua unyuzi. Naomba hapa msome taratibu, kwa sababu wengi hushindwa katika hatua hii kisha wakasema kwamba somo ni la uongo. Mkongo mwembamba unaoingizwa majumbani kwa kawaida ni wa aina ya G.657, uliotengenezwa makusudi ili ustahimili kona za kuta na fremu za milango. Aina ya G.657A2, hata ikizungushwa mara moja kwenye duara lenye nusu kipenyo cha milimita 10, hairuhusiwi kupoteza zaidi ya desibeli 0.1 katika nanomita 1550 (desibeli ni kipimo cha kupungua kwa mwanga). Mtu akiuzungusha huo kwenye duara kama hilo atakaa hadi jioni akitazama namba isiyosogea. Unaotakiwa ni G.652D, yaani ule wa kawaida wa njia ndefu. Aina hiyo huchapwa kwenye ganda la nje la mkongo. Isome kabla ya kukata, na usiamini rangi ya njano peke yake, kwa kuwa aina zote mbili huuzwa zikiwa na ganda la njano.

Hatua ya 3. Safisha viunganishi, wala usichungulie ndani ya unyuzi: mwanga huu hauonekani, lakini unaweza kuunguza jicho.

Hatua ya 4. Washa chanzo, kiache kitulie dakika chache, kisha andika kipimo cha mwanzo. Bila kipimo hicho, namba zote zitakazofuata hazina maana.

Hatua ya 5. Ukiwa kwenye nanomita 1550, zungusha unyuzi mara moja kwenye betri kubwa ya redio, na baadaye kwenye betri ndogo ya rimoti. Kwenye ile kubwa namba itasogea kidogo sana au isisogee. Kwenye ile ndogo utaona desibeli kadhaa zikipotea papo hapo, na ukifungua mzunguko zitarudi. Ikumbukwe kwamba kila desibeli 3 zinazopotea huondoa nusu ya mwanga uliokuwa umebaki.

Hatua ya 6. Rudia kwa nanomita 1310. Hasara itakuwa ndogo zaidi, kwa sababu mwanga wa wimbi refu hutanda zaidi kuelekea gamba na hutoroka kwa urahisi kwenye kona. Hasara ikiwa karibu sawa katika mawimbi yote mawili, mashaka yako yaelekee kwenye kiunganishi kichafu.

Unyuzi huo ukibanwa kati ya vibao viwili vyenye meno, uzito ulio juu yake utauminya na kupunguza mwanga, nawe utakuwa na mizani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Igoma: Mkuu, nimejaribu na waya wa nyumbani, haifanyi kazi.
Jibu: Soma hatua ya 2.

Mwanachama, Musoma: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa ujenzi na huvuka daraja la Kigongo–Busisi mara kwa mara. Daraja refu namna ile huchomwa na jua mchana kutwa. Kihisi hutofautishaje joto na mzigo wa magari?
Jibu: Marahaba. Umeuliza jambo lililo kiini cha kazi nzima. Katika madaraja hutumiwa mistari ya Bragg, ambayo ni mabadiliko madogo yanayojirudia ndani ya kiini na ambayo siku hizi huchorwa kwa mwanga wa urujuanimno; ugunduzi wake ulifanyika Kanada mwaka 1978. Mistari hiyo hurudisha rangi moja tu ya mwanga, na unyuzi ukivutwa rangi hiyo husogea. Karibu na nanomita 1550, nyuzi joto 1 huisogeza kwa pikomita 10 hivi, ilhali mvutano wa sehemu moja kwa milioni huisogeza kwa pikomita 1.2 tu. Maana yake, nyuzi joto 1 peke yake hujifanya mvutano wa sehemu 8 kwa milioni. Kwa hiyo pembeni ya kihisi kilichogandishwa kwenye chuma huwekwa kingine kilicholegea ndani ya mrija, kisichovutwa na chochote. Hicho hupima joto peke yake, nalo huondolewa katika hesabu. Daraja la Beddington Trail huko Calgary liliwekewa vihisi vya aina hii mwaka 1993.

Mwanachama, Geita: Na kwenye bomba la kilomita nyingi, mashine hujuaje ni kilomita ipi iliyopata shida?
Jibu: Kwa muda, ndugu yangu, kama inavyofanya OTDR yako, yaani mashine ya kutafuta kasoro za mkongo kwa mwangwi wa mwanga. Mwanga hutumia nanosekunde 10 hivi kwenda mita 1 na kurudi, hivyo kila mwangwi una anwani yake. Mwangwi huo, yaani mwanga unaotawanywa na kioo na kurudi, ni wa aina tatu: wa Raman hueleza joto, wa Brillouin hueleza joto na mvutano, na wa Rayleigh hutumika kusikiliza mitikisiko, hata ya mtu anayechimba karibu na bomba. Mkongo mmoja hugeuka vihisi maelfu.

Mwanachama, Buhongwa: Bei?
Jibu: Bei ya nini? Taja unachotaka kupima, umbali na usahihi unaohitaji.

Mwanachama, Sengerema: Kaka, nina vizimba vya sato, na hofu yangu kubwa ni maji yasiyo na hewa kupanda kutoka chini. Mkongo wa joto unaweza kunionya?
Jibu: Dada yangu, mkongo wa joto ulioteremshwa wima utakuonyesha tabaka la maji baridi likipanda, lakini joto si oksijeni, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Kipo kihisi kingine cha mwanga kinachokufaa: kwenye ncha ya unyuzi hupakwa rangi maalumu inayomulikwa kwa mwanga wa buluu na kuwaka nyekundu, na oksijeni inapokuwa nyingi mng'ao huo hufifia na kuzimika upesi zaidi. Ncha hiyo ifutwe mara kwa mara, kwa sababu mwani wa ziwani ukiota juu yake, kihisi kitapima hewa ya mwani badala ya hewa ya samaki wako.

Mwanachama, Bukoba: Huku kwetu radi ni nyingi. Mkongo ni salama?
Jibu: Kioo chenyewe ni salama, na hiyo ni sababu mojawapo ya kukitumia ndani ya transfoma. Tatizo huwa kwenye mikongo yenye chuma cha kuikinga: hiyo iunganishwe na ardhi kabla ya kuingia kwenye jengo, au ununue isiyo na chuma kabisa. Mashine ya kusomea nayo iwekewe kinga ya radi upande wa umeme, kwa maana waya unaoilisha ni wa shaba.