Kabla Hujasimama Barazani Kumuuliza Mbunge

Mbunge wetu hapa Kenya akishakaa muhula wa tatu au wa nne, usimfuatilie kwa kichwa. Nunua daftari, uligawe mara tatu: kura zake, pesa za kampeni, pesa za ofisi.

Kura utazikuta kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, iko wazi katika tovuti ya Bunge. Isome mwenyewe, usitegemee picha zinazozunguka kwenye WhatsApp. Mambo mengi huamuliwa kwa sauti tu, "ndiyo" au "la", na hapo haijulikani nani alisema nini. Majina huandikwa wanapohesabiwa mmoja mmoja, kama walivyofanya tarehe 25 Juni 2024 kwa Mswada wa Fedha, 195 wakiunga mkono na 106 wakipinga. Asiyekuwa kwenye orodha mwandike "hakupiga kura", usimwandike "alipinga". Halafu linganisha aliyoyasema, tuseme kuhusu viwanda vya sukari, akiwa upinzani na anayoyasema akiwa upande wa serikali.

Kampeni ni ngumu. Sheria ya ufadhili wa kampeni ipo tangu 2013, lakini mipaka ya matumizi haikutumika 2017 wala 2022, kwa hiyo usitarajie orodha ya wafadhili. Kama kampuni moja inapata zabuni kila mwaka, lipia CR12 yake, hati rasmi ya usajili inayotaja wenye kampuni, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone wakurugenzi ni kina nani.

Sasa pesa, na hapa nisikilize vizuri. Ofisi ya mbunge ya mashinani hugharamiwa na Tume ya Huduma za Bunge. Madarasa na basari ni NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, mfuko mwingine kabisa.

Mimi nilikuwa na jedwali la miradi ya NG-CDF, nimelichapisha, nimepiga mstari mwekundu chini ya shule moja ya msingi upande wa Ahero. Madarasa mawili, na kiasi cha pesa kando yake. Nilikuwa nimepita pale: kuta zimefika kwenye linta, hakuna bati. Barazani nikasimama, nikasoma kile kiasi, nikauliza pesa zimeliwa na nani. Watu wakapiga makofi. Mbunge hakujibu neno. Aligeuka tu akamtazama mwenyekiti wa kamati ya mradi, mama mzee anayeuza omena sokoni. Macho yote yakamfuata.

Mama alifungua mkoba, akatoa taarifa ya benki iliyokunjwa mara nne. "Kijana wangu, soma na hii." Kilichoingia kwenye akaunti ya kamati kilikuwa nusu, na kimeingia mwezi wa Juni, mwaka wa fedha ukiisha. Mimi nilikuwa nimesoma mgao. Sikuwa nimeuliza kilichofika. Nilisoma kwa sauti, nikamwomba msamaha palepale, lakini wiki nzima wateja walimpita wakimwita mwizi. Nilienda kwake mara mbili. Alinikaribisha chai, na bado naumia nikimkumbuka.

Kwa hiyo: mgao, kilichotumwa, kilichofika, kilichojengwa. Safu nne. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya eneo bunge lako itakupa sehemu, kamati ya mradi itakupa nyingine, miguu yako imalizie. Angalia pia kama shule ileile inarudi kwenye orodha mwaka hadi mwaka kwa darasa lilelile. Kwa mbunge wa miaka mingi, hapo ndipo pa kuchimba.

Ofisi ikikataa kukupa karatasi, andika barua ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, upigiwe muhuri kwenye nakala yako. Wana siku 21. Zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Usiende peke yako. Usipokee nauli ya mtu yeyote, hata ya rafiki wa mheshimiwa. Piga picha kila karatasi, nakala moja akae nayo mtu asiyeishi kwako. Na kabla ya kutaja jina la mtu hadharani, mtafute kwanza umuulize yeye mwenyewe.