Somo: Kutazama vimondo vya Mapacha usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba

Kila mwaka, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, Dunia hukatiza mkondo wa vumbi na changarawe uliotapakaa kwenye njia ya asteroidi iitwayo Phaethon, na mvua ya vimondo inayotokea hapo, iitwayo ya Mapacha kwa sababu michirizi yake huonekana kutokea kwenye kundi la nyota la jina hilo, ni miongoni mwa zilizo nene kuliko zote za mwaka. Nimeichagua kwa sababu haihitaji darubini, na pia kwa sababu inavuruga mpaka tuliofundishwa shuleni, kwamba asteroidi ni mwamba, kometi ni barafu iliyochanganyika na vumbi, na mvua za vimondo huachwa na kometi. Phaethon iligunduliwa mwaka 1983 katika picha za setilaiti ya IRAS. Ni mwamba wenye upana wa kilomita 5 hivi, unaolizunguka Jua kwa mwaka mmoja na miezi mitano, na katika kila mzunguko hulisogelea Jua hadi kilomita milioni 21, ndani kabisa ya njia ya sayari ya Utaridi, ambako joto lake hutosha kuyeyusha madini ya risasi. Asteroidi, basi, nayo huacha vumbi nyuma yake.

Hatua ya kwanza ni kuangalia mwezi. Anayefuata kalenda ya mwezi mwandamo ana jibu tayari: mwezi ukiwa katika wiki yake ya kwanza utakuwa umekuchwa ifikapo saa sita usiku au karibu na hapo, na nusu ya pili ya usiku itabaki na giza. Ukiwa mpevu, punguza matumaini, maana utabaki na vile ving'avu tu.

Hatua ya pili ni mahali, na hapa ndipo wengi hukosea. Taa moja ya barabarani inayokupiga usoni hukuharibia usiku kuliko mji mzima ulio nyuma ya kilima. Tafuta uwanja au shamba lenye upeo wazi upande wa kaskazini, nenda na mwenzako, na mwombe ruhusa mwenye eneo. Kisha yape macho nusu saa nzima ya giza bila kuangalia simu hata mara moja, kwa sababu mboni hupanuka upesi lakini uwezo wa jicho kuona mwanga hafifu hujengeka polepole, na kioo cha simu huubomoa kwa sekunde chache. Tochi ifunge kwa kitambaa chekundu kizito. Mimi hutumia kipande cha kanga kuukuu nilichokikunja mara mbili na kukibana kwa mpira, na mwanga unaopenya hunitosha kuandika bila kunipofusha.

Hatua ya tatu: tandika mkeka, lala chali, miguu ielekee kaskazini mashariki. Jifunike, maana umande wa usiku wa manane si wa kudharau.

Hatua ya nne ni kulitambua kundi la Mapacha. Anza na Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wetu wamekitumia tangu zamani kuhesabu majira. Upande wa mashariki wa Kilimia utamwona Jabari, kundi la nyota lenye umbo la mtu, na nyota zake tatu za mshipi. Piga mstari kutoka nyota nyeupe iliyo mguuni mwake, upite kwenye ile nyekundu ya begani, na ukiuendeleza utafika eneo la Mapacha, ambao ni nyota mbili angavu zilizokaribiana. Kwa Dar es Salaam huchomoza mnamo saa tatu kasoro usiku na kufika juu kabisa baada ya saa nane. Usiwakodolee macho wao wenyewe. Vimondo vinavyotokea karibu nao huwa na michirizi mifupi, na ile mirefu huonekana mbali nao, kwa hiyo tazama anga pana na uliache jicho litulie.

Hatua ya tano ni kuhesabu. Kila kimondo ukionacho, urudishe mchirizi wake nyuma kwa mawazo: ukielekea kwa Mapacha, ni wa mvua hii, na usipoelekea huko, ni mpita njia, nawe umwandike kando. Andika saa, idadi, na kiasi cha anga kilichofunikwa na mawingu. Saa uliyokaa bila kuona kitu nayo iandikwe, kwa sababu orodha inayobakiza mazuri peke yake haina thamani kwa mtu yeyote. Mahali penye giza halisi, kimondo kimoja kwa kila dakika moja au mbili baada ya saa sita usiku ni mavuno ya kweli.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Morogoro: Mwalimu, huku kwetu Desemba mara nyingi ni mawingu matupu. Tufanyeje?

Jibu: Jaribu pia usiku mmoja kabla ya kilele, kwa sababu mkondo wenyewe ni mpana. Mawingu yakigoma kabisa, kuna mvua ya vimondo ya tarehe 21 Oktoba, na nyingine ya alfajiri za mwanzoni mwa Mei. Hizo mbili hutokana na vumbi la kometi ya Halley, ambalo Dunia hulivuka mara mbili kwa mwaka, ingawa kometi yenyewe haitarudi karibu na Jua hadi mwaka 2061.

Swali kutoka Pangani: Shikamoo mwalimu. Bibi yangu hutuambia kwamba kimondo ni kijinga cha moto anachotupiwa shetani. Nimwambie nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimbishie. Maana hiyo imo katika neno lenyewe tangu enzi za wazee wa pwani. Mtandikie mkeka karibu na wako, umsimulie kwamba kinachowaka ni chembe ya ukubwa wa punje ya mchanga au ndogo zaidi, inayoingia angani kwa kasi ya kilomita 35 kwa sekunde na kuteketea ikiwa bado juu sana, kilomita 80 hadi 100 kutoka ardhini.

Swali kutoka Sumbawanga: Nimeokota jiwe jeusi shambani, ni zito na linavutwa na sumaku. Je, ni kimondo?

Jibu: Ndugu yangu, Ufipa ni nchi ya wayeyushaji chuma wa kale, na mashamba yenu yamejaa mavi ya chuma. Likiwa na vitundu vya mapovu kama mkate, karibu hakika ni mabaki ya tanuru. Kabla ya kulipasua, safiri hadi Mbozi, katika mkoa jirani wa Songwe, ukakiguse kimondo kilichoko kilima cha Marengi. Ni bonge lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa zaidi ya tani 10, takribani asilimia 90 chuma na karibu asilimia 9 nikeli. Uso wake ni mgumu na umebonyea hapa na pale kama udongo uliominywa kwa vidole gumba, na upande uliochongoka una makovu ya watu waliohangaika kukata vipande vya ukumbusho. Pitisha kiganja juu yake, kisha ulishike tena jiwe lako.